Waliosema Nimeelewa

Wewe uliyekaa kwenye benchi la kliniki na kadi mkononi, wahesabu walio mbele yako. Ukimaliza wahesabu tena, maana nusu yao ni wasindikizaji, na wawili wamekuja kuuliza choo kiko wapi. Mimi nimekaa hapo miezi mingi, nimetoka, na sasa naandika kwa mkono wa kushoto. Binti yangu Rehema anachapa. Nimemruhusu anyooshe herufi, nimemkataza kunyoosha kingine chochote.

Sitakueleza kiharusi ni nini. Wa kukueleza hilo wapo, wana makoti meupe na haraka. Nitakueleza kitu ambacho mimi hakuna aliyenieleza mapema, na kilichonilia kuku sita, Krismasi nzima, na nusura kinilie nyumba.

Kazi yangu ni kuku wa kienyeji. Nawafuata vijijini, nawaleta Dodoma mjini, nawauzia wenye migahawa na wale watumishi wa serikali wanaosema broila haina ladha halafu wanabishana bei kama wanauziwa ndege ya angani. Siku ya kwanza ya ugonjwa wangu ilikuwa mwisho wa kiangazi, nipo Bahi, uani kwa mama mmoja ninayemjua siku nyingi. Alisema jambo kuhusu jogoo wawili. Nilisikia jogoo, nikasikia mwekundu, nikasikia kupiga, nikasikia kuchanganya. Kila neno nalijua. Yote kwa pamoja hayakunipa kitu.

Nikajua ananizungusha. Mchuuzi akishindwa kumwelewa muuzaji, kwanza humshuku muuzaji.

"Mama, ongea Kiswahili," nikamwambia.

"Si ndicho ninachoongea!"

"Basi ongea kizuri."

Nikawatia jogoo wote wawili kwenye tenga moja. Wakaanza kuuana. Kumbe hicho ndicho alichokuwa akinionya, kwamba wale hawakai pamoja. Nilipoinama kuwatenganisha, mkono wangu wa kulia ukamwachia kuku mwingine niliyekuwa nimemshika, bila kuniomba ruhusa. Nikamtazama anavyokimbia, nikacheka upande mmoja wa uso. Yule mama akaacha kelele. Akamwita kijana wa bodaboda, wakanifunga kwa kanga mgongoni kwake kama gunia la mpunga, tukaondoka.

Wodini nilikaa siku tisa. Mbao za dari zilikuwa arobaini na nane, nikarudia zikawa arobaini na saba, moja ilikuwa doa la maji. Mdomo ulivujisha uji. Mguu ulirudi taratibu, mkono ukagoma. Siku ya tano ulimi ukafunguka, na kilichotoka kwanza ni salamu. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Daktari alipita na wanafunzi wanane nyuma yake, au tisa, mmoja alichelewa.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo."

"Umelalaje?"

"Salama."

"Unaelewa ninachokwambia?"

"Naelewa."

Akaandika. Kisha akanipa maelezo marefu ya vidonge: kipi kabla ya kipi, kipi baada ya kula, kipi nisimeze kama nimeshameza kile kingine. Nikatikisa kichwa kwa heshima zote. Wanafunzi nao wakatikisa. Alipogeuka nikavimeza vyote kwa mpigo, nikashushia na ndizi. Nesi aliponikuta nimelala saa nne asubuhi kama mlevi, akapaza sauti, "Mama, si ulisema umeelewa?"

Nilisema. Mtu akikuuliza kama umeelewa, unasema umeelewa. Ulitaka nimwambie nini mbele ya watoto wa watu wanane, au tisa?

Nilirudi nyumbani kwangu Makole vumbi la Oktoba likiwa limekaa juu ya kila kitu. Wageni wakaja. Kila aliyeingia alipaza sauti, kana kwamba kilichougua ni masikio. Wengine walinisemesha kama mtoto mchanga: mama amekula? mama ameshiba? Mimi niliyewalangua kuku zao wenyewe na wakanishukuru! Mmoja alileta chupa ya dawa ya mizizi, akanihakikishia ilimwinua shemeji yake. Nikamuuliza shemeji yuko wapi sasa. Akasema alishafariki, ila kwa kitu kingine.

Wote walitoka wakisema nimepona. Kwa sababu gani? Kwa sababu niliwajibu. Habari za kutwa, za watoto, za hali, poleni, tumeshapoa, karibuni, tumekaribia. Kwetu mtu akizijibu salamu zote bila kukosea huyo ni mzima, ana akili zake, unaweza kumkabidhi harusi ya mwanao. Nilizijibu zote. Zilikuwa zimechimba njia kichwani mwangu tangu utotoni, zilipita zenyewe, mimi sikuwa na kazi yoyote.

Kliniki ya tatu ndiyo iliyonivua nguo. Nilisubiri saa tatu, nikapelekwa kwa binti mmoja wa mazoezi ya kuongea, Anitha, mdogo kuliko Rehema. Akapanga picha mezani. Nikaona nimeletwa chekechea.

"Mama, nionyeshe: kuku anakula mahindi."

Nikamwonyesha. Nikamwambia anipe ya watu wazima.

"Sawa. Mama amembeba mtoto."

Nikamwonyesha.

"Mtoto amembeba mama."

Nikamwonyesha. Akarudia polepole, na mimi nikaonyesha ileile, kwa kidole kigumu zaidi.

"Mama, hiyo ni mama aliyembeba mtoto. Mimi nimesema mtoto ndiye aliyembeba mama."

"Mtoto gani anambeba mama yake?"

"Wa kwenye picha hii hapa."

Kweli alikuwepo, katoto kamebeba limama mgongoni, upuuzi mtupu. Tukaendelea. Mwalimu kampiga mwanafunzi, napata. Mwanafunzi kampiga mwalimu, nakosa. Mwizi kafukuzwa na polisi, napata. Polisi kafukuzwa na mwizi, nakosa tena. Mara ishirini. Nilijihesabia mwenyewe kwa vidole vya mkono mzima, nikarudia kwa vya mguu chini ya meza: nilipata kumi. Kuku wangu yeyote, ukimweka juu ya meza ile adonoe picha anayotaka, angepata kumi.

Nikalia. Siandiki hili ili unionee huruma, naandika ili ukilia usidhani wewe ndiye wa kwanza kulowesha meza ile.

Anitha hakunipapasa wala hakuniita shujaa. Alisema, "Maneno makubwa umebaki nayo, mama. Vile vidogo vinavyosema nani kamfanya nani, vimemwagika. Kwa hiyo unasikia mama, mtoto, kubeba, na unavipanga jinsi dunia ilivyo."

"Nabuni."

"Unabuni. Wote tunabuni. Sisi tunavyo vile vidogo vya kutusahihisha."

Tangu siku ile nikakijua kilichomo kichwani mwangu. Ni dalali mvivu. Anasikia maneno matatu, anaangalia nani amesimama wapi na ameshika nini, anafunga biashara kabla mwenye mali hajamaliza kusema. Mara nyingi anapatia, ndiyo maana hagunduliki. Rehema akisema "sufuria" huku amesimama jikoni na kitambaa mkononi, nilijua anataka niitoe motoni. Kwenye simu nilikuwa mjinga kamili, maana simu haina uso wala mikono. Walijaribu Kigogo, lugha ya mama yangu. Yaleyale.

Rehema alichoka. Anatoka ofisini jioni, ananiogesha, ananikanda mkono, ananiambia mambo ya kesho. Wajukuu wa jirani wakija kushtaki, namchapa aliyepigwa na kumsifu aliyepiga.

"Mama, nimekwambia mara tatu!"

"Umeniambia mara tatu kitu kirefu."

Akaenda kukaa nje. Jirani yetu Mama Chausiku ndiye aliyekuwa nafuu yangu. Hajasoma popote. Aliingia, akaonyesha ndoo, akasema, "Maji." Akangoja. "Nakuchotea." Akangoja. "Kesho unanilipa." Nikaelewa yote matatu. Nilimpenda mwanamke yule kuliko hospitali nzima.

Mvua ya kwanza ya Desemba iliponyesha, kaka yangu Yoeli akaja kutoka Mpwapwa na mkewe Ester, pamoja na mzee wa kanisa lao, Mzee Lazaro. Rehema alikuwa kazini. Tukasalimiana. Shikamoo kaka, shikamoo mzee, na zote zinazofuata. Nilizihesabu, zilikuwa kumi na saba, na sikukosea hata moja. Mzee Lazaro akamgeukia kaka, "Dada yako mzima kabisa huyu."

Kaka akaanza kuongea. Kaka yangu akiongea anaongea kama anasomewa na mtu wa nyuma, hakati. Nilisikia Mpwapwa. Nikasikia Krismasi, kuku, kupumzika, Rehema, nyumba. Dalali akafunga biashara: tumealikwa kula Krismasi Mpwapwa, nipumzike, niende na kuku wangu, Rehema atalinda nyumba. Wazo zuri. Walipocheka nikacheka.

"Umekubali?"

"Nimekubali kabisa."

Wakasali. Nikasema amina mahali pake.

Nikafunga kanga tatu na kuku sita, mitetea watano na jogoo. Mpwapwa kuna baridi ya asubuhi na milima imekuzunguka, ukiwa mgeni unafurahia. Krismasi tukala mitetea wawili. Mwaka mpya wawili. Aliyebaki aliliwa na mgeni wa kaka niliyekuwa hata simfahamu, na jogoo akafuata kwa upweke, nadhani, maana nilimkuta kwenye sufuria. Januari ikaingia. Nikamuuliza Ester:

"Wifi, narudi lini?"

"Kurudi wapi?"

"Makole. Kwangu."

Akacheka, akaona sicheki. "Wifi jamani, si ulikubali?"

Ilichukua siku nzima nijue nilichokubali, maana kila aliyenieleza alinieleza kwa sentensi ndefu zilezile. Nilikuwa nimehamia. Mwisho wa mwezi, mtoto mkubwa wa kaka, aliyepata kazi Dodoma, angeingia na familia yake nyumbani kwangu, Rehema atafute chumba. Kliniki nilikuwa nimeshakosa tatu. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kujikunja ndani kama makucha ya kuku aliyekufa.

"Ulikubali mwenyewe," kaka akasema, "mbele ya mzee wa kanisa." Hakuwa na ubaya, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mbaya nampatia bei yake. Huyu alikuwa ananiokoa.

Nilimpigia Rehema. Nikasema, "Njoo. Jumapili." Nikakata kabla hajasema kitu, maana nisingekielewa.

Alikuja kwa basi la asubuhi. Baada ya ibada tukakaa sebuleni: kaka, Ester, Mzee Lazaro niliyemwomba aje, Rehema, na mimi. Mzee Lazaro akafungua, "Haya mama, habari za tangu asubuhi?"

Nikanyamaza.

Akadhani sikusikia. "Habari za siku, mama?"

Nikamtazama usoni, nikanyamaza. Rehema akashika mkono wangu, akidhani kiharusi kimenirudia tena. Kaka akasogea mbele kwenye kiti.

"Hata mimi leo sijapata shikamoo," akasema. "Unaumwa?"

"Shikamoo ndiyo iliyonileta huku," nikasema. "Leo sijibu salamu. Mnanipima kwa salamu, na mimi salamu nazijibu hata nikiwa nimelala."

Ester akaweka mkono mdomoni. Dada kumnyima kaka yake mkubwa shikamoo, sebuleni kwake, mbele ya mzee wa kanisa! Rehema naye aliona aibu, nilimwona anatafuta pa kuangalia.

Kwenye kuku tuna utaratibu. Muuzaji anahesabu kwa sauti, akimshika kila kuku. Kisha mnunuzi anahesabu kwa mdomo wake, akiwashika walewale. Anayesema "nimeona, tia tu ndani" ama ni mgeni ama ni mwizi. Nikawaambia hivyo, kwa maneno yangu mafupi niliyokuwa nayo. Nikamwambia kaka aseme tena kile alichosema Desemba, vilevile, na mimi nirudie nilichosikia.

Akasema. Kirefu kilekile. Wewe uliye mgonjwa kama mimi unajua tunavyoficha: tunacheka wakicheka, tunatazama kila mtu anatazama wapi. Miezi minne nilificha. Sasa nilitakiwa nijivue mwenyewe.

"Nimesikia," nikasema. "Unanialika Krismasi. Nije na kuku. Rehema alinde nyumba."

Rehema akaanza kulia. "Mama, mimi nilidhani umenichoka. Walisema wewe ndiye uliyetaka."

"Nilidhani naenda kula wali," nikamwambia.

Mzee Lazaro ndiye aliyenikata miguu. Alisema taratibu, kwa upendo, na bahati mbaya hilo nililielewa lote, kwa sababu alikuwa ananitazama kwa huruma na kunyooshea kidole sakafu ya nyumba ile. "Sasa kama haelewi hivi, si ndiyo sababu zaidi abaki hapa? Mjini watamdhulumu."

Kaka akashusha pumzi. Ester akatikisa kichwa. Nilikuwa nimewauzia mwenyewe kisu.

Lakini mimi ni mchuuzi, nimeshashikwa pabaya zaidi ya hapo. Mtu akikuambia mizani yako mbovu, unamwomba alete ya kwake.

"Sawa," nikasema. "Mimi sielewi. Ninyi mnaelewa. Nilikubali kukaa huku mpaka lini? Kila mtu ajibu. Mmoja mmoja. Wengine nyamazeni."

"Moja kwa moja," kaka akasema. "Ndiyo tulivyoongea."

Mkewe akamgeukia. "Moja kwa moja? Baba wewe, si ulisema mpaka mavuno? Mimi nimewaambia watoto mpaka mavuno."

"Mavuno?" Mzee Lazaro akavua miwani. "Mimi niliombea mpaka Pasaka. Niliitaja Pasaka kwenye sala kabisa, mkaitikia amina."

Tukamtazama Rehema. "Mimi mjomba aliniambia kwenye simu mpaka mama ajisikie vizuri," akasema. "Na ile habari ya mtoto wake kuingia pale nyumbani naisikia leo."

Niliwahesabu. Watu wanne, mapatano manne. Nikawahesabu tena, nikarudi upande wa kaka, nikimnyooshea kila mmoja kidole cha mkono wa kushoto. Wote wazima, hakuna aliyepinda mdomo. Walikaa chumba kimoja au walisikia kwa mtu mmoja, kila mmoja akachukua maneno matatu akaondoka na yake. Na hawa ndio waliokuwa wanichunge nisidhulumiwe!

"Mnaona?" nikasema. "Mimi nilipata Krismasi. Angalau yangu ilikuwa na chakula."

Ester ndiye aliyecheka kwanza. Kaka hakucheka. Akasema kitu kifupi, pengine kifupi kuliko vyote alivyowahi kusema.

"Unataka nini?"

"Nyumba yangu. Kliniki yangu."

"Na ukidanganywa?"

"Nitaomba warudie."

Akatikisa kichwa. Nikamwambia kutikisa kichwa hakuhesabiki, hata mimi nilitikisa. Aseme kwa mdomo.

"Utarudi Makole," akasema. "Mwanangu atatafuta pengine."

"Nitarudi Makole. Mwanao atatafuta pengine."

Nikampa shikamoo yake hapo. Ilikuwa halali yake, na safari hii hakuna aliyeigeuza cheti cha daktari.

Sikupona muujiza. Kliniki ya kumi na moja nilipata kumi na nne kati ya ishirini, na mtoto aliyembeba mama bado namdharau. Vidole vimenyooka viwili. Wewe uliye kwenye benchi, nakuomba hili moja tu: akikuuliza mtu kama umeelewa, usimjibu ndiyo wala hapana. Mwambie ulichosikia. Na wewe msindikizaji, acha kumpigia kelele. Katakata, shika kitu mkononi, ngoja.

Kesho yake baada ya kikao kile cha Mpwapwa, kaka alitupeleka stendi. Nilikaa dirishani, Rehema pembeni. Injini ilishawaka, kaka akasimama chini akanipa hotuba, mkono mmoja juu ya kioo. Niliona midomo yake ikienda. Nikasikia barabara, mwanangu, Mungu, dawa, mama yetu. Zamani ningetikisa kichwa, naye angeenda nyumbani ameridhika.

"Kaka, sijaelewa."

Akarudia yote. Basi likaanza kurudi nyuma.

"Sijaelewa, kaka!"

Konda akapiga ubavu wa gari. Kaka akatembea sambamba nasi, mtu mzima na koti lake la ibada, akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona akitupa maneno, moja baada ya jingine, akitafuta yale asiyoweza kuyatupa.

"Usife," akasema.

Hilo nililielewa, nikamrudishia lilivyo.